Maneno ya Dirisha la Dawa

Mwaka 1983 mama yangu alianguka msibani, na waliokuwapo wakasema amepandwa na pepo.

Ilikuwa kijijini kwetu, upande wa Pangani, siku ya pili ya matanga. Tangu alfajiri alikuwa jikoni na wanawake wenzake akichambua mchele, na hakuwa ametia kitu kinywani ila maji. Kidonge chake cha sukari, hata hivyo, alikuwa amekimeza. Daktari alimwambia ameze kila asubuhi, naye mama hakuwa mtu wa kuvunja sharti. Ilipofika saa tano jasho likaanza kumtoka, jasho la baridi, vidole vikimtetemeka hata ungo ukamponyoka. Akamgombeza wifi yake kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Kisha ulimi ukawa mzito, macho yakakodoka bila kumwona mtu, akalala ubavu juu ya mkeka. Mmoja akaanza kumsomea. Mwingine akaenda kutafuta ubani.

Aliyemwokoa ni mkunga mmoja mzee aliyekuja kuhani. Alipitisha kiganja shingoni mwa mama, kikarudi kimelowa. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mama yako ana sukari?" Nikamjibu anayo. "Na leo amekula nini?" Sikuwa na jibu. Kwa kuwa mama bado aliweza kumeza, mkunga akamkalisha, akamnywesha maji ya sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, na haikupita nusu saa mama akauliza kwa nini watu wamemzunguka. Tukashukuru, tukaendelea na shughuli. Usiku, saa nane, alianguka tena, na safari hii hakuweza kumeza. Tulimpakia kwenye lori la nazi mpaka hospitali, wakamtundikia dripu ya glukosi, na zilipita siku mbili kabla hajatulia.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja kazini, msaidizi wa chumba cha dawa katika hospitali moja ya mkoani Tanga. Vidonge vile nilivihesabu kwa mkono wangu, nikavitia katika bahasha ya karatasi, nikaandika juu yake 1 × 1, asubuhi. Maneno "pamoja na chakula" sikuyaandika. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba nayo ni sehemu ya dawa.

Nilikaa dirishani miaka 34. Katika miaka hiyo nilijifunza kusema maneno machache kwa kila mwenye kisukari cha ukubwani aliyekuja na kadi yake: kula kwanza, usimeze mbili kufidia uliyosahau, tuambie dawa nyingine unazotumia, ukitapika acha uje, pima figo. Foleni ikiwa ndefu maneno haya ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu vidonge havikatiki. Nami nimeyasoma asili yake kwa bidii kuliko somo lolote maishani mwangu. Kila neno lina mji lilikozaliwa, lina mwaka wake, na lina watu walioumia kabla halijasemwa.

"Kula kwanza" lilizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1942. Nchi ilikuwa vitani, chakula kwa mgawo. Marcel Janbon, daktari wa chuo kikuu cha hapo, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa, ambayo haikuwa hata na jina, ila namba: 2254 RP. Salfa ndiyo iliyokuwa tegemeo dhidi ya bakteria siku zile, kabla penisilini haijapatikana kwa wingi. Wagonjwa wa Janbon, waliodhoofu kwa homa na kwa kukosa lishe, wakaanza kutokwa jasho, kuchanganyikiwa na kutukutika. Wengine walizimia, na baadhi wakafa. Damu yao ilipopimwa, sukari ilikuwa imeshuka mno.

Janbon akamweleza jambo hilo mtafiti wa chuoni hapo, Auguste Loubatières. Mwezi Juni mwaka huohuo Loubatières akampa mbwa dawa ile, akapima damu yake saa baada ya saa, akaiona sukari ikiteremka. Akarudia kwa mbwa aliyeondolewa kongosho. Haikuteremka. Hapo akalijua fumbo: dawa haiigusi sukari yenyewe, inalikamua kongosho litoe insulini. Na kongosho likikamuliwa hutoa, chakula kiwemo tumboni kisiwemo.

Siku niliyoisoma habari hii niliweka kitabu chini nikatoka nje. Jasho, kuchanganyikiwa, kutetemeka, watu wenye njaa waliopewa dawa. Yale yaliyompata mama jikoni msibani yalikwisha kuonekana miaka 41 nyuma, yakaandikwa, yakafahamika sababu yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Vita vilipokwisha, utafiti ukahamia Ujerumani. Mwaka 1954 mjini Berlin madaktari Hans Franke na Joachim Fuchs walikuwa wakiijaribu karbutamidi, salfa nyingine, kwa ajili ya maambukizi. Fuchs aliimeza mwenyewe, na jinsi alivyojisikia mwilini ikamfanya ashuku kwamba sukari imeshuka. Mwaka 1955 walitangaza kuwa inawafaa wenye kisukari cha watu wazima. Hivyo wagonjwa wa sukari wakapata kidonge cha ukoo wa salfa badala ya sindano. Lakini karbutamidi ilidhuru uboho wa baadhi ya watu, na mwaka 1956 kampuni ya Hoechst ikatoa tolbutamidi iliyo salama zaidi. Ikafuata klorpropamidi. Jamii yote hii huitwa sulfonilurea, na jina hilo lenyewe linabeba ukoo wake: ni salfa iliyobadilishwa umbo.

Hizo mbili za mwisho ndizo nilizozikuta kwenye rafu zetu, katika makopo makubwa, tukizihesabu tano tano kwa kisu bapa juu ya sinia. Tolbutamidi ilikuwa kidonge kikubwa cheupe cha miligramu 500, cha kumezwa mara mbili au tatu kwa siku. Watu hawakukipenda. Klorpropamidi ilimezwa mara moja tu, asubuhi, na kwa mtu anayeishi mbali na hospitali hilo lilionekana jambo la heri. Tofauti yake kubwa hatukuiona kwa macho. Tolbutamidi huisha mwilini kwa saa chache. Klorpropamidi huhitaji kama siku moja na nusu ili nusu yake tu itoke. Maji ya sukari aliyonyweshwa mama saa tano yalimfaa kwa muda mfupi, yakaisha. Kidonge chake cha klorpropamidi kilikuwa bado kazini usiku wa manane, na kesho yake, na keshokutwa.

Ndiyo maana nawasihi wenye wazee nyumbani: mtu aliyeshukiwa na sukari kwa sababu ya vidonge vya jamii hii asiachwe nyumbani hata akizinduka na kucheka. Mpe sukari vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, au soda ya kawaida nusu glasi. Ngoja robo saa, mpime au mtazame, umrudishie kama bado. Akipata nafuu ale chakula hasa, kisha mwende hospitali. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani, kitapita njia ya hewa. Mlaze ubavu, mkimbize.

Wapo wanaoniuliza kwa nini kliniki haikuona mapema kwamba dozi ya mama imezidi. Jibu liko katika chupa ya Benedict. Siku zile hatukupima damu kwa tone la kidole, tulipima mkojo. Ulitia mililita 5 za maji ya bluu ya Benedict katika mrija wa kioo, ukadondoshea matone 8 ya mkojo, ukachemsha. Bluu ikibaki bluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Manjano, chungwa, kisha nyekundu ya tofali: sukari imejaa. Wagonjwa walizipenda rangi hizo, walizielewa bila kujua kusoma. Mama alitoka kliniki wiki moja kabla ya msiba ule na rangi ya bluu, daktari akampongeza.

Lakini sukari haimwagiki kwenye mkojo mpaka ile ya damu ivuke kama milimoli 10 kwa lita. Chini ya hapo mrija ni bluu tu, uwe na 8, uwe na 5, uwe na 2 unakaribia kuzimia. Kwa hiyo kipimo chetu kilijua kutuambia dawa haitoshi, hakikujua kutuambia dawa imezidi. Kipimo cha damu cha mkononi kilipofika kwetu, tulianza kuwakuta watu wenye 3 wanaotembea kwa miguu yao na kusema wana kizunguzungu cha jua. Sijui jambo jingine katika kazi yetu lililobadilisha usalama wa vidonge hivi kuliko tone lile moja la damu.

Ugonjwa wenyewe, tukumbuke, ulihesabiwa kuwa wa watu wachache. Muhimbili iliandikisha wagonjwa wapya 1,250 kati ya mwaka 1981 na 1987, na theluthi mbili yao walikuwa wa aina isiyohitaji insulini, yaani watu wa vidonge na lishe. Madaktari walipopima vijiji sita vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989, walikuta kisukari kwa watu wazima hakijafika hata asilimia 1. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya sisi wa dirishani kutofundishwa. Tulifundishwa malaria, tukafundishwa kuhara. Leo kliniki za kisukari zina benchi zilizojaa mpaka barazani.

Katika miaka ya baadaye klorpropamidi ilitoweka rafuni, ikaja glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil. Iligunduliwa Ujerumani mwaka 1966 na kampuni za Hoechst na Boehringer Mannheim zikishirikiana. Ni kali kwelikweli: miligramu 5 zake hufanya kazi ambayo tolbutamidi iliifanya kwa gramu nzima. Kidonge kikawa kidogo, watu wakakiona chepesi. Hapo ndipo "usimeze mbili kufidia" lilipopata uzito wake. Mtu aliyesahau asubuhi akameza viwili usiku na kulala, sukari humshukia usingizini, na aliye usingizini hawezi kusema anatetemeka.

Mwaka mmoja aliletwa mzee, mstaafu wa reli, jirani yetu mtaani Ngamiani, aliyeizoea glibenklamidi kwa miaka minane bila tatizo. Alikuwa amezimia. Mkewe alikula kiapo kwamba alikula vizuri na hakuzidisha. Nikamwomba, "Mama, nenda nyumbani uniletee kila kidonge kilichomo ndani, hata cha mafua." Akarudi na mfuko wa rambo, na ndani yake kulikuwa na Septrin aliyonunuliwa dukani siku nne nyuma kwa ajili ya maumivu ya kukojoa.

Septrin ina salfa. Ni ndugu wa damu wa ile 2254 RP ya Montpellier. Huweza kulikamua kongosho kidogo, na pia hulizuia ini kuivunja glibenklamidi, kwa hiyo kidonge cha jana kinakutana na cha leo bado kina nguvu. Mtu kijana mwenye figo nzima huenda asione kitu. Mzee yule wa miaka 71 aliyaona madhara yake. Alipona, alhamdulillahi, na daktari akambadilishia dawa zote mbili. Mimi sikuwa nimemkosea mtu siku ile, lakini nilirudi nyumbani nikiwaza: yale yaliyojulikana Ufaransa mwaka 1942 yamefika Ngamiani na hayakutukuta macho. Tangu siku hiyo sikumpa mtu vidonge vya sukari bila kumuuliza yaliyomo kwenye mfuko wake.

Na mifuko ina mengi. Kuna dawa za miti shamba za kuteremsha sukari, ambazo mwenye kuzinywa pamoja na glibenklamidi anajiongezea dozi asiyoijua kipimo. Kuna dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kwa siri. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitalini kwa sukari kushuka, wanne wakafa, na ilipochunguzwa ikaonekana dawa haramu za nguvu walizomeza zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi. Habari hiyo nimewasimulia wanaume wengi dirishani kwa sauti ya chini, na kila mmoja alinisikiliza.

Figo nazo zina habari yake katika jambo hili. Glibenklamidi huvunjwa na ini, lakini mabaki yake yana nguvu bado, na hutoka kwa figo. Figo za mzee huchoka kimyakimya, mabaki yakarundikana, sukari ikashuka kwa siku nzima au zaidi. Ndipo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2013, likaweka gliklazidi, ya jamii hiyohiyo, likasema glibenklamidi haiwafai wenye zaidi ya miaka 60. Ukiwa na mzazi wa umri huo na bado anameza glibenklamidi, swali hilo lipeleke kwa daktari wake. Usimwachishe mwenyewe, sukari iliyopanda nayo inaua.

Sasa niseme habari ya metformini, maana ndiyo ninayomeza mimi tangu mwaka 2011, na ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wanaosoma hapa.

Asili yake ni mmea, Galega officinalis, wenye maua ya zambarau, ambao watu wa Ulaya waliutumia tangu zamani, na wafugaji wao waliuogopa kwa sababu kondoo waliula wakafa. Ndani yake kuna kitu cha jamii ya guanidini kinachoshusha sukari. Mwaka 1926 Wajerumani walitoa dawa ya jamii hiyo, Synthalin, ikadhuru maini ya watu, ikaachwa. Metformini yenyewe ilikwisha kutengenezwa Dublin na Emil Werner na James Bell mwaka 1922, mwaka uleule ambao mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini mjini Toronto akawa wa kwanza kutibiwa nayo. Insulini ikaujaza ulimwengu furaha, na metformini ikasahauliwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari wa Ufilipino, Eusebio Garcia, aliitumia kutibu homa ya mafua. Habari za kazi yake zikamfikia Jean Sterne wa Paris, aliyeijaribu kwa wagonjwa wa kisukari na kuiita Glucophage, mla glukosi. Matokeo yake ya kwanza, mwaka 1957, aliyachapisha katika jarida la tiba la Moroko. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba dawa hii ya watu wote ilitangazwa kwanza katika jarida la Afrika.

Ilikuwa na dada yake, fenformini, yenye nguvu zaidi na iliyopendwa zaidi, hasa Marekani. Na hiyo ndiyo iliyoua. Watu waliokuwa na figo mbovu, au maini mabovu, au waliougua ghafla wakapungukiwa maji, asidi ya laktiki iliwajaa damuni, wakahema kwa shida, wakafa wengi wao. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliipiga marufuku kwa amri ya hatari ya papo kwa papo. Nchi nyingine zikafuata. Metformini ikabeba lawama ya dada yake kwa sababu ya ukoo, na Marekani haikuiruhusu mpaka Desemba 1994, ingawa Ulaya walikuwa wanaimeza tangu miaka ya 1950.

Metformini si fenformini. Hatari ile kwayo ni adimu sana. Lakini haivunjwi popote mwilini. Hutoka nzima ilivyoingia, kwa mkojo, na figo zikisimama yenyewe hubaki. Kwa hiyo maneno mawili ya dirishani, "ukitapika acha uje" na "pima figo," ni wosia wa wagonjwa wa fenformini. Ukiharisha au kutapika hata hushiki maji, ukiwa na homa kali, ukienda kufanyiwa upasuaji au kupigwa picha kwa dawa ya kudungwa mshipani, mwambie mtaalamu unatumia metformini, naye atakwambia usimame lini na urudi lini. Figo zikishuka chini ya kipimo cha 30, haitumiki. Kati ya 30 na 45, dozi hupunguzwa. Omba namba hiyo iandikwe kwenye kadi yako angalau mara moja kwa mwaka. Na pombe nyingi usiichanganye nayo.

Ikitumika yenyewe ni nadra kushusha sukari ya mtu, tofauti na za ukoo wa salfa. Kinachowakimbiza watu ni tumbo. Siku za mwanzo huvuruga, mtu akaharisha, akaiacha bila kumwambia yeyote, akarudi baada ya miezi mitatu na sukari ya 20. Dawa yake ni kuanza na kidogo, miligramu 500 pamoja na chakula, na kupandishwa polepole. Wengine huchukizwa na harufu yake, maana ina harufu ya samaki aliyelala. Nilikuwa nawaambia hiyo ni asili yake, haijaoza. Na wale waliopewa ile inayotoka polepole walinijia na hofu wakisema wamekiona kidonge kizima chooni. Ni ganda tu, dawa imekwisha kutoka. Ila hicho kisitafunwe wala kusagwa, kwa sababu utaimwaga dozi yote kwa mkupuo mmoja.

Heshima yake kamili metformini iliipata mwaka 1998. Robert Turner na Rury Holman wa Oxford walikuwa wamewafuata wagonjwa 5,102 katika hospitali 23 za Uingereza tangu mwaka 1977. Katika wale wenye uzito uliozidi, waliotumia metformini vifo vya kila aina vilipungua kwa asilimia 36. Utafiti huohuo ulituliza hofu ya tangu mwaka 1970, pale Wamarekani waliposema watumiaji wa tolbutamidi hufa zaidi kwa moyo. Kwa sulfonilurea za Uingereza jambo hilo halikuonekana.

Zimekuja nyingine baadaye. Troglitazoni ilidumu miaka mitatu tu Marekani, ikaondolewa mwaka 2000 kwa kuharibu maini. Zipo pia za siku hizi zinazoziacha figo zimwage sukari kwenye mkojo makusudi. Tungeupima mkojo huo kwa Benedict ungekuwa nyekundu ya tofali kila siku, na dawa inafanya kazi yake. Hizo nazo zina sharti la maji ya kutosha na la kusimamishwa mtu anapougua au asipokula kwa siku nzima.

Sisi wa pwani tuna mwezi wa Ramadhani, na kwa vidonge hivi mwezi huo una hesabu yake. Nilikuwa nikiwaona wazee wakija siku mbili kabla ya mwandamo, nami nikiwaambia wamechelewa. Kumwona daktari kunatakiwa wiki 6 mpaka 8 kabla, apime figo, apange upya dozi, na wengine awaambie kwa afya yao wasifunge. Mwenye metformini kwa kawaida dozi yake kubwa huwekwa wakati wa futari, na ndogo wakati wa daku. Mwenye glibenklamidi mara nyingi hubadilishiwa. Kosa nililoliona zaidi ni mtu kumeza dozi yake ya asubuhi wakati wa daku, kisha akashinda bila kula, yaani Montpellier tena. Masheikh niliowauliza walinijibu kuwa kutoboa kidole kupima hakuharibu saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au juu ya 16.6, mtu afungue palepale, hata kama imebaki robo saa magharibi iingie.

Mama aliishi miaka 19 baada ya msiba ule. Alibadilishiwa dawa, na kila asubuhi alinisubiri nimwone anakula kipande cha muhogo au chapati kabla hajanyoosha mkono kupokea kidonge. Hakunilaumu hata siku moja, na sikumwomba samahani kwa maneno. Nilimwomba kwa kila bahasha niliyoiandika baada ya hapo.

Wiki ijayo ukienda kliniki, wewe au mzazi wako, tia dawa zote za nyumbani katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za mganga. Zimwage mezani mbele ya mtoa dawa, hata foleni ikinung'unika. Na kabla hujaondoka dirishani muulize maswali haya, usitoke bila majibu: kidonge hiki nikimeze kabla, pamoja na chakula, au baada yake? Nisipokula leo, nifanye nini? Nikitapika, nifanye nini?